Kazi Bila Cheo: Wanawake wa Kiyahudi wa Marekani Baada ya Vita Vikuu vya Pili

Vita Vikuu vya Pili vilipokoma katika mwaka wa 1945, Wayahudi yapata milioni 6 walikuwa wameuawa katika Ulaya, na miji iliyokuwa chemchemi ya elimu yao, kama Warsaw na Vilna, ilikuwa imebaki magofu. Jamii kubwa kupita zote iliyosalia ilikuwa ng'ambo ya bahari, katika Marekani, nayo ilikuwa na watu yapata milioni 5. Jamii hii ilitwikwa mizigo ambayo haikuiomba: kuwapokea walionusurika, kuisaidia dola iliyozaliwa katika Palestina mwaka wa 1948, kujenga masinagogi na shule, na kuzaa watoto wa kuziba pengo la waliopotea. Mizigo yote minne ilipita mikononi mwa wanawake, lakini ni mmoja tu, ule wa mwisho, uliohesabiwa kuwa ni wao.

Husimuliwa mara nyingi kwamba miaka iliyofuata vita ilikuwa ya usingizi kwa wanawake wa Marekani. Askari walirudi, viwanda vikawatoa wanawake ambao vilikuwa vimewaita, harusi zikafungwa kwa wingi, na mwanamke akarejea jikoni, akakaa humo hata mwaka wa 1963 alipoamshwa na kitabu kimoja. Masimulizi haya yana kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli, na kwa wanawake wa Kiyahudi ni pungufu ya nusu. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka wa 1944, iliyowapa askari waliorudi mikopo ya nyumba na karo za vyuo, ilisaidia kuzitoa jamaa nyingi za Kiyahudi katika mitaa ya msongamano ya Brooklyn na Bronx na kuzipeleka katika vitongoji vipya pembezoni mwa miji. Ni kweli pia kwamba katika vitongoji hivi mume aliondoka asubuhi na mapema kwa gari la moshi kwenda kazini mjini, akarudi jua limekuchwa. Lakini na izingatiwe maana yake. Mahali ambapo wanaume hawapo tangu asubuhi hata jioni, shughuli zote za hadhara za mchana huwa za waliobaki. Sinagogi jipya lilihitaji kiwanja, kamati, walimu wa watoto, hesabu za fedha, na mtu wa kwenda kubishana na wakubwa wa mji juu ya kibali cha ujenzi. Wanaume walikalia viti vya halmashauri, na majina yao yakachongwa ukutani, lakini Jumanne saa nne ya asubuhi aliyekuwa ameshika simu alikuwa mwanamke.

Chuo chake cha kwanza cha maisha haya ya hadhara kilikuwa chama. Mkubwa wa vyama hivyo ulikuwa Hadassah, uliofanywa New York katika mwaka wa 1912 na Henrietta Szold, mwalimu na mhariri aliyezaliwa Baltimore. Mwaka uliofuata chama kiliwapeleka wauguzi wawili Jerusalem. Kufikia mwaka wa 1948 kilikuwa na wanachama yapata 250,000, idadi ambayo chama cha siasa cha nchi ndogo kingeionea kijicho. Fedha zilipatikana kwa njia zisizo na fahari: karamu za mchana zenye kiingilio, minada ya nguo zilizokwisha kuvaliwa, vitabu vya mapishi vilivyopigwa chapa na wanachama wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijaa hata kikajenga hospitali juu ya Mlima Scopus, iliyofunguliwa katika mwaka wa 1939. Tarehe 13 Aprili 1948 msafara wa magari uliokuwa ukipanda kwenda hospitali hiyo ulishambuliwa, watu 78 wakauawa, madaktari na wauguzi miongoni mwao, na hospitali ikabidi ihamwe. Wanawake wa Marekani walianza tena kuchanga. Hospitali mpya ilifunguliwa Ein Kerem mwaka wa 1961.

Watu waliocheka karamu hizo za mchana hawakuona kilichokuwa kikifundishwa ndani yake. Kila tawi lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Mwanamke ambaye hajapata kusema mbele ya watu zaidi ya wale wa meza yake alijifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, kupendekeza hoja, kuipinga hoja ya mwenzake bila ya kuvunja urafiki, na kusoma mizania ya fedha. Tena, chama kilishikilia kwa ukaidi kwamba hazina yake itunzwe na wanawake wenyewe, hata wanaume wa vyama vingine walipodai kuwa fedha nyingi namna ile zingekuwa salama zaidi katika mikono yao. Rose Halprin, rais wa Hadassah kwa vipindi viwili, 1932 hata 1934 na 1947 hata 1952, aliingia katika halmashauri kuu ya Jewish Agency mwaka wa 1946, yaani katika baraza lililokuwa likishughulika na kuzaliwa kwa dola. Hakufika huko kwa kuchaguliwa bungeni wala kwa shahada ya sheria. Alifika kwa ngazi ya tawi, wilaya na taifa, ngazi iliyokuwa imejengwa na wanawake kwa ajili ya wanawake.

Kazi zote hizo zilielezwa kwa lugha ya umama. Kuuguza wagonjwa, kulisha yatima na kufunza watoto, yote yalisemwa kuwa ni nyumba iliyopanuliwa tu. Lugha hii ilikuwa kibali na uzio kwa pamoja. Ilimruhusu mwanamke kutoka mlangoni bila ya kulaumiwa, na papo hapo ilimwonyesha mpaka asioupita, kwani anayefanya kazi kwa kuwa ni mama hawezi kudai mshahara, wala cheo, wala sauti katika mambo yasiyohusiana na watoto na wagonjwa. Wengi wao waliridhika na mpango huu, nao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona katika picha za magazeti ya 1945 yaliyotokea kwa kina mama na watoto wa Ulaya, na katika miaka ile kumlea mtoto wa Kiyahudi kulikuwa na maana ambayo haipimiki kwa mizani ya siku nyingine.

Si vyama vyote vilivyokwenda njia moja. National Council of Jewish Women, baraza lililoanzishwa na Hannah Solomon wa Chicago katika mwaka wa 1893, lilikuwa na desturi ya zamani ya kuwapokea wahamiaji, na baada ya vita liliwasaidia walionusurika kutafuta jamaa zao. Katika miaka ya 1950, wakati serikali ilipowasaka watu kwa tuhuma za Ukomunisti, baraza hili la wanawake wa tabaka la kati lilisema wazi kwamba uhuru wa fikira ulikuwa hatarini. Upande wa kushoto zaidi kilikuwako chama cha Emma Lazarus, kilichozaliwa 1944 na kujitegemea 1951, chenye wanawake wa tabaka la wafanyakazi waliozoea kusema Kiyidishi. Miongoni mwa waliokianzisha alikuwamo Clara Lemlich, ambaye katika mwaka wa 1909, akiwa msichana mshonaji, alisimama katika mkutano New York akawasha moto wa mgomo wa maelfu ya washona blauzi. Chama hiki kilishirikiana na wanawake Weusi katika kudai haki za raia, nacho kilipata taabu kwa ajili hiyo.

Hayo yalikuwa nje ya sinagogi. Ndani yake mambo yalikuwa magumu zaidi, maana huko kilichozuia hakikuwa desturi ya mtaa bali sheria ya dini kama ilivyopokewa. Sala ya jamaa haikamiliki ila kwa kuwapo watu wazima 10, na hao 10 walihesabiwa wanaume tu. Mwanamke hakuitwa mbele kusoma Taurati. Katika masinagogi ya Waothodoksi aliketi nyuma ya pazia au ghorofani. Mzazi afapo, mwana wa kiume humsomea sala ya Kadishi kwa muda wa miezi 11, na asiye na mwana humtafuta mwanamume mwingine. Hapa ndipo wanawake wengi walipoguswa mahali penye kuuma. Henrietta Szold, mmoja wa mabinti wasio na ndugu wa kiume, alifiwa na mama yake mwaka wa 1916. Rafiki mmoja mwanamume alijitolea kumsomea Kadishi marehemu, naye Szold akamshukuru, akakataa, akasoma mwenyewe. Katika mwaka wa 1933 msichana wa miaka 13 wa Bronx, Bella Savitzky, alifiwa na baba yake. Akaenda sinagogi kila asubuhi kabla ya shule, akasoma sala ambayo hakupewa ruhusa kuisoma. Wazee walimtazama vibaya, lakini hakuna aliyemfukuza. Na katika mwaka wa 1950 Ruth Bader wa Brooklyn, mwenye miaka 17, alifiwa na mama yake siku moja kabla ya sherehe ya kumaliza shule. Nyumba ilijaa wanawake, lakini sala haikuanza mpaka watimie wanaume 10, na yeye binti wa marehemu hakuwamo katika hesabu. Bella huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Abzug, mbunge. Na Ruth huyo ndiye Ruth Bader Ginsburg, aliyeingia Mahakama Kuu ya Marekani mwaka wa 1993.

Kinyume cha hali hii hakionekani vizuri ila katika hesabu za fedha. Vyama vya wanawake wa masinagogi ya Mageuzi viliungana kuwa shirikisho la taifa katika mwaka wa 1913. Katika miaka ya 1920 shirikisho hili lilichanga fedha za kujenga bweni la wanafunzi katika Hebrew Union College ya Cincinnati, chuo cha kuwafunza marabi. Bweni lilijengwa, na wanafunzi waliolala humo walikuwa wavulana. Msichana mmoja, Martha Neumark, binti wa profesa wa chuo hicho, alikuwa ameomba kupewa urabi. Mwaka wa 1922 baraza la marabi wa Mageuzi liliamua kwamba haki haimruhusu mtu kumnyima mwanamke daraja hiyo, na mwaka wa 1923 wasimamizi wa chuo wakamnyima. Katika mwaka wa 1939 Helen Levinthal alimaliza masomo yote ya urabi katika chuo kingine cha New York, akatoka na shahada pasipo kuwekewa mikono. Basi vita vilipokwisha, mlango ulikuwa bado umefungwa, na ufunguo ulikuwa umelipiwa na wale wale waliofungiwa nje.

Mlango huo ulifunguka kidogo mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Meridian ni mji wa jimbo la Mississippi, karibu na mpaka wa Alabama, wenye jamii ndogo ya Wayahudi wafanyabiashara. Tangu mwaka wa 1924 rabi wa sinagogi lao, Beth Israel, alikuwa William Ackerman. Mkewe Paula, mzaliwa wa Pensacola katika Florida, alifundisha katika shule ya dini, aliongoza mambo ya chama cha wanawake, na mume alipougua au kusafiri alisimama badala yake akaendesha ibada. Hapana aliyeona ajabu, kwa kuwa hapana aliyelipa jambo hilo jina. Tarehe 30 Novemba 1950 rabi alifariki. Wajumbe wa sinagogi wakamwendea mjane, aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 57, wakamwomba ashike kazi ya mumewe mpaka atakapopatikana rabi mwingine.

Kiongozi wa Muungano wa Masinagogi ya Mageuzi, Maurice Eisendrath, alipoulizwa kwanza alikubali, kisha akageuka, akashauri asishike kazi ile, kwa sababu hakusomea chuoni wala hakuwekewa mikono. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa maneno na dhaifu kwa maana, kwani chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kukataa kuwapa wanawake mikono hiyo. Lakini watu wa Meridian walikuwa na haja iliyo karibu zaidi: walikuwa na harusi za kufunga, wafu wa kuzika, na watoto wa kufunzwa, na mtu aliyeweza kuyafanya hayo alikuwa akiishi kati yao. Wakashikilia neno lao. Kuanzia Januari 1951 hata majira ya kupukutika majani ya mwaka wa 1953, Paula Ackerman alihubiri, aliongoza sala, alifungisha ndoa na alizika. Magazeti ya nchi nzima yalimwandika. Yeye mwenyewe alijua vema kwamba hakuwa rabi, wala hakujiita rabi. Katika barua ya siku zile alieleza tumaini kwamba, akifaulu, pengine njia itafunguka kwa wasichana kusomea uongozi wa masinagogi. Kisha rabi mwanamume akapatikana, naye akakabidhi kazi, akarudi kuwa mjane wa rabi.

Wanahistoria wengine hulitaja jambo hili kama kituko cha mji mdogo. Ni zaidi ya hilo. Upinzani ulitoka kwa viongozi waliosifika kwa fikira za maendeleo, ambao kwa miaka 30 walikuwa wamesema kwamba mwanamke anaweza. Waliomkubali walikuwa wafanyabiashara wa Kusini, mahali pa desturi kali, ambao labda hawakuwahi kulijadili suala la wanawake hata mara moja. Wakubwa walikuwa na nadharia. Meridian walikuwa na miaka 26 ya kumwona akifanya kazi. Katika mwaka wa 1962 sinagogi la Pensacola, lililopungukiwa na rabi, lilimwita awahudumie kwa muda, naye akaenda. Na mwaka wa 1986, akiwa na umri wa miaka 92, Muungano ule ule wa masinagogi ulimfanyia heshima katika Atlanta. Alifariki mwaka wa 1989.

Mwaka wa 1951 ulimleta Mississippi mwanamke mwingine wa Kiyahudi, naye alikuwa wa namna nyingine kabisa. Laurel ni mji ulio kusini-magharibi ya Meridian. Mtu Mweusi wa mji huo, Willie McGee, alikuwa amehukumiwa kifo kwa shitaka la kumnajisi mwanamke mweupe, katika jimbo ambalo kwa shitaka hilo mtu mweupe hakunyongwa. Bella Abzug, aliyekuwa ameolewa na kuhitimu sheria katika chuo kikuu cha Columbia, alikuwa mmoja wa mawakili wake. Alikwenda Jackson, mji mkuu wa jimbo, akiwa mja mzito. Hoteli zikamkataa, akalala katika kituo cha mabasi, na asubuhi yake akaingia mahakamani kumtetea mtu wake. McGee aliuawa kwa umeme tarehe 8 Mei 1951. Kilomita mia hivi kutoka hapo, mjane wa Meridian alikuwa katika mwezi wake wa tano wa kuongoza sala. Hakuna dalili kwamba wanawake hawa wawili walijuana, wala si lazima kudhani kwamba wangependana. Mmoja aliingia kazini kwa mlango wa nyumba yake, kwa heshima ya marehemu mumewe, na mwingine alivaa kofia mahakamani kusudi asidhaniwe kuwa ni karani. Lakini wote wawili walikuwa wakifanya kazi ambayo waliowatazama hawakuwa na neno la kuiita inapofanywa na mwanamke.

Abzug ndiye anayeonyesha vema jinsi ile lugha ya umama ilivyoweza kugeuzwa kuwa silaha. Tarehe 1 Novemba 1961 wanawake wa miji mingi ya Marekani waliacha shughuli zao siku nzima wakaandamana kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakisema kwamba sumu ya mabomu hayo imo katika maziwa ya watoto wao. Wengi wao hawakuwa Wayahudi, lakini Wayahudi walikuwamo, na Abzug ndiye aliyeyapeleka madai yao kwa wabunge. Mnamo Desemba 1962 kamati ya Bunge iliyowasaka Wakomunisti iliwaita kuwahoji. Walikuja na watoto wachanga na mashada ya maua, wakawapigia makofi mashahidi wao, na kamati iliyokuwa ikiwatetemesha wanaume wazima ikaonekana kuwa kichekesho. Miaka minane baadaye Abzug aligombea ubunge New York, na tangazo lake la kampeni lilichezea neno moja la Kiingereza lenye maana ya nyumba na vilevile ya Baraza la Wawakilishi: mahali pa mwanamke huyu ni humo. Alishinda, akakaa humo tangu Januari 1971 hata Januari 1977.

Sasa ndipo panapofaa kitabu kile cha 1963. Mwandishi wake, Betty Friedan, alizaliwa kwa jina la Bettye Goldstein katika mji wa Peoria, Illinois, mwaka wa 1921. Baba yake alikuwa na duka la vito. Mama yake alikuwa mhariri wa kurasa za wanawake katika gazeti la mji, akaiacha kazi hiyo alipoolewa, na binti aliyaona majuto ya mama huyo kila siku. Shuleni wasichana wenzake hawakumwingiza katika chama chao kwa sababu ni Myahudi. Alihitimu Smith College mwaka wa 1942, na baada ya hapo alikuwa mwandishi wa habari za wafanyakazi, kwanza katika shirika la habari na tangu 1946 katika gazeti la chama cha wafanyakazi wa umeme. Kazi hiyo ilikoma mwaka wa 1952, alipokuwa na mimba ya pili. Mwaka wa 1957 aliwapelekea waliokuwa wanafunzi wenzake wa Smith maswali juu ya maisha yao, na majibu yao ndiyo yaliyozaa The Feminine Mystique.

Kitabu hicho kilisomwa na mamilioni, na nguvu yake haikanushiki. Walakini humo Friedan alijionyesha kuwa mama wa nyumbani wa kitongoji, aliyegundua ghafula kwamba amefungwa. Miaka yake ya gazeti la wafanyakazi hakuieleza, na mwanahistoria Daniel Horowitz ndiye aliyeifunua kwa ukamilifu katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1998. Sababu si ngumu kukisia: hofu ya miaka ya 1950 haikuwa imekwisha, na mwanamke wa nyumbani alisikilizwa mahali ambapo mwanamke wa chama cha wafanyakazi asingesikilizwa. Kadhalika wanawake wa kitabu chake hawana dini wala kabila. Uyahudi wake ulijitokeza baadaye. Tarehe 26 Agosti 1970, katika mgomo wa wanawake, mbele ya umati mkubwa uliokuwa umeandamana katika barabara ya Fifth Avenue, aliitaja sala ya asubuhi ambamo mwanamume wa Kiyahudi humshukuru Mungu kwa kutomuumba mwanamke, akatangaza kwamba tangu siku ile wanawake wa dunia yote wataweza kushukuru kwa kuumbwa wanawake. Aliyasema hayo barabarani. Katika masinagogi mengi sala ilibaki kama ilivyokuwa.

Mabadiliko ya ndani yaliletwa na kitu kilichoonekana hakina hatari: elimu ya wasichana. Judith Kaplan, binti wa rabi mmoja wa New York, alikuwa amesimama mbele ya sinagogi la baba yake tarehe 18 Machi 1922 akasoma sehemu ya Taurati, si katika hati ya kukunjwa bali katika kitabu cha chapa, mbali kidogo na mahali walipoitwa wanaume. Sherehe hiyo, bat mitsva, ilienea polepole. Miaka michache baada ya vita yapata theluthi ya masinagogi ya Wahafidhina, wanaosimama katikati ya Waothodoksi na watu wa Mageuzi, yalikuwa nayo kwa namna moja au nyingine. Aghalabu ilifanywa Ijumaa jioni, kwa sababu jioni hiyo Taurati haisomwi, na kwa hivi swali la msichana kuisoma halikuzuka. Marabi walikuwa wameipata njia ya kumheshimu msichana bila ya kugusa sheria. Lakini hawakuipima vizuri akili ya mtoto. Msichana aliyefunzwa Kiebrania miaka mitano au sita, akafunzwa maana ya amri na tafsiri zake, akasherehekewa siku moja, kisha akaambiwa kwamba hataitwa tena, lazima ataona kwamba siku ya kupokelewa kwake ndiyo siku ya kuagwa kwake. Mwaka wa 1955 kamati ya sheria ya Wahafidhina iliruhusu mwanamke kuitwa mbele ya Taurati. Masinagogi machache tu yaliitumia ruhusa hiyo.

Hata Waothodoksi, walioonekana kusimama pale pale, walikuwa wakisogea kwa njia hiyo hiyo ya shule. Yeshiva University ilifungua Stern College ya wasichana katika New York mwaka wa 1954, na humo vitabu vya sheria ambavyo bibi zao hawakuvifungua vilianza kusomwa. Mambo yao yanastahili makala ya peke yake.

Mabinti wa bat mitsva walipokuwa watu wazima walirudi na hesabu mkononi. Mnamo Machi 1972 wanawake kumi hivi, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, walikwenda katika hoteli moja ya milima ya Catskill walikokutana marabi wa Wahafidhina. Walijiita Ezrat Nashim, jina la Kiebrania lenye maana mbili, uga wa wanawake katika hekalu la kale na pia msaada wa wanawake. Hawakuwekwa katika ratiba ya mkutano. Walizungumza na wake za marabi, wakagawa karatasi yenye madai yao: wahesabiwe katika wale 10, wakubaliwe kuwa mashahidi, waweze kuomba talaka, waingie katika vyuo vya urabi. Uzito wa karatasi ile ulikuwa katika elimu ya walioiandika. Hawakuwa watu wa nje wanaoikejeli Taurati, walikuwa wanafunzi bora wa shule na kambi ambazo marabi wenyewe walizianzisha. Mwaka wa 1973 kamati ya sheria ilikubali wanawake wahesabiwe. Tarehe 24 Oktoba 1983 walimu wa Jewish Theological Seminary walipiga kura 34 kwa 8 kuwaingiza wanawake katika masomo ya urabi, na Amy Eilberg akawekewa mikono mwaka wa 1985.

Watu wa Mageuzi walikuwa wametangulia. Katika mwaka wa 1963 lile shirikisho la wanawake, lililotimiza miaka 50 na kuongozwa na katibu wake mkuu wa siku nyingi, Jane Evans, lilitoa azimio la kuvitaka vyombo vyote vya Mageuzi viamue mara moja juu ya urabi wa wanawake. Wenye bweni walikuwa wanaulizia nafasi. Tarehe 3 Juni 1972 katika Cincinnati, Sally Priesand, mwenye umri wa miaka 25, alipewa urabi, na wanafunzi wenzake wanaume 35 walisimama kwa pamoja kumheshimu. Magazeti yakamwita rabi mwanamke wa kwanza duniani. Ilichukua muda kurekebisha maneno hayo. Regina Jonas wa Berlin alikuwa amewekewa mikono mwaka wa 1935, akawahudumia Wayahudi wa Ujerumani kadiri mateso yalivyozidi, akahubiri katika kambi ya Theresienstadt, akauawa Auschwitz mwaka wa 1944. Karatasi zake zilikaa katika hifadhi ya nyaraka ya Berlin Mashariki hata mwaka wa 1991 zilipopatikana, na waliomjua wakanusurika hawakumtaja hadharani katika miaka yote ile ambayo Wamarekani walibishana kama jambo hilo linawezekana.

Priesand alikuwa na cheo ambacho Paula Ackerman hakukipata. Alichokosa ni kile ambacho Meridian ilimpa Ackerman bila ya kuombwa. Masinagogi kadhaa yalikataa hata kumhoji. Stephen Wise Free Synagogue ya New York ilimwajiri awe msaidizi mwaka wa 1972, akatumika miaka saba, na ilipodhihirika kwamba hatapewa nafasi ya rabi mkuu, aliondoka mwaka wa 1979. Kwa miaka miwili aliwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Lenox Hill huku akitafuta. Katika mwaka wa 1981 sinagogi la Tinton Falls, New Jersey, lilimchukua awe rabi wake, akakaa nalo hata alipostaafu mwaka wa 2006.